Mwanangu anachanganya vigawe na vigawo, na mjomba wake anasema 1 ni namba tasa

SWALI

Kamwene Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Mafinga wilayani Mufindi, na riziki yangu ninaipata kwa kuuza mbao. Mtoto wangu wa pili, ambaye ni binti, yuko darasa la tano. Masomo mengine hayamsumbui, na hata katika Hisabati alikuwa akijumlisha, akitoa, akizidisha na kugawanya bila shida, na tebo amezikariri hadi ya 12. Mambo yalianza kuharibika walipofika kwenye mada ya namba tasa, vigawe na vigawo. Sasa kila daftari la Hisabati likirudi nyumbani ninakuta kurasa zimejaa alama za kukosa.

Nimeona nikuandikie makosa yenyewe ili usidhani ninalalamika tu. Aliulizwa aorodheshe vigawo vya 18, akaandika 18, 36, 54 na 72. Aliulizwa namba tasa zilizo chini ya 20, akaandika 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13, 15, 17 na 19. Kisha kulikuwa na mafumbo mawili. La kwanza lilisema kwamba katika stendi ya Kabwe jijini Mbeya daladala za Uyole huondoka kila baada ya dakika 12 na za Mbalizi kila baada ya dakika 18. Kama zimeondoka pamoja saa 2:00 asubuhi, ni saa ngapi zitaondoka tena pamoja kwa mara ya kwanza? Akajibu saa 2:06. La pili lilisema kwamba fundi ana ubao wa futi 12 na mwingine wa futi 18, na anataka kuzikata mbao zote mbili katika vipande vyenye urefu sawa bila kubakiza chochote. Ni upi urefu mkubwa kuliko wote wa kila kipande? Akajibu futi 36. Hapo nilishindwa kujizuia nikacheka, kwa maana tangu nianze biashara hii sijamwona fundi anayetoa kipande cha futi 36 kwenye ubao wa futi 12. Nilipomuuliza alinijibu kwa uchungu kwamba swali limesema «mkubwa kuliko wote», kwa hiyo alitafuta jibu kubwa.

Jambo jingine linamhusu mjomba wake, kaka yangu, aliyesoma hadi kidato cha nne. Yeye anashikilia kwamba 1 ni namba tasa, kwa sababu namba tasa ni ile inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe, na 1 inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe. Mwalimu wa shule ameiweka alama ya kukosa. Mtoto amebaki katikati, hajui amsikilize nani, na mimi niliyeishia darasa la saba miaka mingi iliyopita siwezi kuwaamua.

Jirani ananishauri nimpeleke tuisheni ya jioni. Je, nifanye hivyo, au kuna namna ninavyoweza kumsaidia mwenyewe hapa nyumbani?

Mama wa Darasa la Tano, Mafinga

JIBU

Kamwene mama, na asante kwa kuyaandika majibu ya mtoto neno kwa neno. Wazazi wengi huniandikia kwamba mtoto «hajui Hisabati» na kuishia hapo, nami hubaki nikibahatisha. Ukisoma kwa makini ulichoniletea utaona kwamba binti yako hakukosea kukokotoa hata mahali pamoja. Tebo ya 18 aliyoandika ni sahihi, namba witiri zilizo chini ya 20 amezitaja zote, na hizo 6 na 36 ndizo hasa namba zinazotokana na 12 na 18 katika mada hii, isipokuwa ameziweka kila moja kwenye swali la mwenzake. Mtoto aliyefundishwa njia nne kwa pamoja kabla hajaelewa kila njia inatafuta kitu gani hufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo usimwongezee maswali kwa sasa. Mrudishe nyuma hadi kwenye kigawo, kwa sababu mambo mengine yote ya mada hii yanatoka hapo.

Tafuta maharage makavu na meza. Mpe punje 12 na umwambie azipange katika mistari iliyo sawa, pasibaki punje nje. Ataweza kupanga mstari mmoja wa punje 12, au mistari miwili ya punje 6, au mistari mitatu ya punje 4. Akijaribu mistari mitano, punje mbili zitabaki bila mahali pa kukaa. Namba zote zilizokubali kupanga punje hizo, yaani 1, 2, 3, 4, 6 na 12, ndizo vigawo vya 12, na ona kwamba zinakuja jozi kwa jozi: 1 na 12, 2 na 6, 3 na 4. Mwongezee punje moja ziwe 13. Atahangaika, atajaribu mistari miwili, mitatu, minne, hadi akubali kwamba 13 haina mpango mwingine zaidi ya mstari mmoja mrefu. Hiyo ndiyo namba tasa, na ni afadhali aipate kwa vidole vyake kabla hujamsomea maana yake kwenye kitabu.

Kisha fanya kinyume chake. Badala ya kumpa punje zote kwa pamoja, mwambie apange mstari wa punje 4, halafu auongezee mstari mwingine wa punje 4, na mwingine, huku akihesabu jumla kila mara: 4, 8, 12, 16, 20. Hizo ni vigawe vya 4, na kitakachomsimamisha ni kuishiwa maharage tu, kwa sababu vigawe havina mwisho. Vigawo vya 12 vilikuwa sita na vikaisha. Kutokana na tofauti hiyo anapata njia ya kujisahihisha pasipo kumsubiri mwalimu: kigawo cha namba hakiwezi kuizidi namba yenyewe, na kigawe chake hakiwezi kupungua chini yake. Angeijua kanuni hiyo, 36 isingeingia katika orodha ya vigawo vya 18. Namba 18 peke yake ndiyo inayokaa katika orodha zote mbili, kwa maana kila namba ni kigawo chake yenyewe na pia ni kigawe chake yenyewe, na pengine hapo ndipo mtoto alipoteleza, akaanza na 18 kwa usahihi kisha akaelekea upande usio wake.

Ili maneno hayo mawili yasiendelee kumchanganya, mzoeze kutamka sentensi mbili kwa kila mstari wa tebo. Akisema «3 mara 6 ni 18», aongeze: «3 ni kigawo cha 18, na 18 ni kigawe cha 3». Kisha afanye hivyo kwa 6. Akitafuta vigawo vyote vya namba fulani, aziandike jozi kwa mpangilio: kwa 18 ataandika 1 × 18, 2 × 9, 3 × 6, atajaribu 4 na 5 zikatae, kisha atafika 6 ambayo tayari imeshaonekana upande wa kulia, na hapo ataacha kwa kuwa zilizobaki zote zimekwishatajwa. Watoto wengi hukosa alama si kwa kutojua bali kwa kusahau kigawo kimoja katikati, na jozi huzuia hilo. Ukimpa 36 atapata 1 × 36, 2 × 18, 3 × 12, 4 × 9 na 6 × 6, na atashangaa kwamba vigawo vyake ni tisa, idadi isiyogawanyika kwa mbili, ingawa vilikuja kwa jozi. Mwache aone mwenyewe kwamba 6 imejioa yenyewe, na kwamba jambo hilo hutokea kwa 4, 9, 16, 25 na kila namba iliyo kipeo cha pili cha namba nyingine.

Tuje kwenye orodha yake ya namba tasa. Kwa bahati mbaya watoto huziona namba 3, 5, 7, 11 na 13 mapema, wanaona zote ni witiri, na wanahitimisha kwamba tasa na witiri ni kitu kimoja. Mpe punje 9 na punje 15. Atazipanga mistari mitatu ya punje 3 na mistari mitatu ya punje 5, naye atazifuta mwenyewe kwenye orodha. Mpe punje 2, ambazo haziwezi kukaa ila katika mstari mmoja wa punje mbili, na hapo ataelewa kwamba 2 ni tasa ingawa ni shufwa. Ni namba shufwa pekee iliyo tasa, kwa sababu shufwa nyingine yoyote inakubali kupangwa mistari miwili. Orodha sahihi basi ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17 na 19, jumla yake namba nane.

Sasa kuhusu kaka yako. Mwalimu wa shule ndiye aliye sahihi, lakini usimcheke mjomba, kwa sababu maana aliyokaririshwa ndiyo yenye kasoro. Maana iliyo salama inasema kwamba namba tasa ni namba nzima yenye vigawo viwili tu vilivyo tofauti, yaani 1 na yenyewe. Namba 1 ina kigawo kimoja, basi, nayo inakosa sifa hiyo. Mjomba anaweza kufarijika kwa kujua kwamba wapo wataalamu waliowahi kuwa upande wake: mwanahisabati Goldbach, katika barua aliyoiandika mwaka 1742, aliihesabu 1 pamoja na namba tasa, na orodha kubwa ya namba tasa iliyotolewa na Mmarekani Derrick Norman Lehmer mwaka 1914 ilianza na 1. Waliokuja baadaye waliitoa kwa sababu inaharibu kazi. Chukua 60, ambayo ukiivunja katika vigawo tasa unapata 2 × 2 × 3 × 5, na hakuna namna nyingine ya kuivunja zaidi ya kubadili mpangilio wa namba hizo. Ukiikubali 1 kuwa tasa, 60 itakuwa pia 1 × 2 × 2 × 3 × 5, na 1 × 1 × 2 × 2 × 3 × 5, na kuendelea pasipo kikomo, hata wanafunzi wawili waliopata jibu lile lile wataonekana wamepata majibu tofauti. Sababu nyingine mtoto ataiona kwa macho katika zoezi linalofuata.

Zoezi hilo ni chekeche la Eratosthenes, mtu aliyezaliwa Cyrene, katika nchi ambayo leo ni Libya, akawa mkuu wa maktaba ya Alexandria huko Misri katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Mwambie binti yako aandike namba kuanzia 1 hadi 100 katika mistari kumi ya namba kumi kumi. Afute 1. Azungushie 2 duara kisha afute kila kigawe cha 2 kinachofuata. Azungushie 3 na afute vigawe vyake vilivyobaki. 4 itakuwa imeshafutwa, kwa hiyo aende 5, halafu 7. Hapo asimame. Zilizosalia ni namba tasa zote zilizo chini ya 100, nazo ni 25: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83, 89 na 97. Kama angeanza kwa kuizungushia 1 duara na kufuta vigawe vyake, karatasi nzima ingefutika, kwa kuwa kila namba ni kigawe cha 1. Mwonyeshe na mjomba karatasi hiyo.

Kitu kinachonipendeza zaidi katika zoezi hili kipo kwenye duara la 7, na ningeomba mkae hapo kwa muda. Akifika huko atakuta 14, 21, 28, 35, 42 na nyingine nyingi zimeshafutwa na 2, 3 au 5, na namba mpya zitakazofutwa na 7 ni tatu tu: 49, 77 na 91. Mbili za kwanza anazijua kutoka kwenye tebo. Namba 91 haijui, kwa sababu ni 7 × 13, na mtoto aliyekariri tebo hadi 12 huishia 84. Ndiyo maana 91 huwanasa watoto wengi kwenye mitihani, pamoja na 51 ambayo ni 3 × 17, 57 ambayo ni 3 × 19, na 87 ambayo ni 3 × 29. Zote hizo zinafanana na namba tasa kwa sababu tu zinakaa nje ya tebo zilizokaririwa. Kwa zile zinazogawanyika kwa 3 kuna njia ya haraka: ajumlishe tarakimu, na jumla ikigawanyika kwa 3, namba nzima inagawanyika kwa 3. Katika 51, 5 na 1 hufanya 6. Katika 87, 8 na 7 hufanya 15. Kwa 91 hakuna njia ya mkato inayomfaa mtoto wa darasa la tano. Agawanye kwa 7 tu.

Atakuuliza kwa nini aliachia 7 na hakuendelea na 11, na ni swali zuri. Vigawe vya 11 kuanzia 22 hadi 99 vimeshafutwa vyote na namba ndogo zaidi, na cha kwanza ambacho kingekuwa kipya ni 11 × 11, yaani 121, ambacho hakimo kwenye karatasi. Kwa hiyo akipewa namba yoyote inayozidi 1 na iliyo chini ya 121 na kuulizwa kama ni tasa, ajaribu kuigawanya kwa 2, 3, 5 na 7 peke yake. Zikikataa zote nne, namba hiyo ni tasa, wala hakuna haja ya kujaribu nyingine.

Maswali ya shule hupenda kuuliza jumla ya namba tasa zilizo kati ya 10 na 20, ambazo ni 11, 13, 17 na 19, na jumla yake ni 60. Nazitaja kwa sababu mtoto anaweza kukutana na habari za mfupa wa Ishango, uliopatikana mwaka 1950 kando ya Ziwa Edward nchini Kongo, wenye mikato iliyochongwa na watu wa zamani sana, ambao umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Safu mojawapo ya mikato hiyo imepangwa kwa mafungu ya 11, 13, 17 na 19, na kuna wanaosema kwamba waliouchonga walizijua namba tasa. Mimi siungi mkono kauli hiyo. Safu nyingine ya mfupa huo huo ina 11, 21, 19 na 9, ambazo jumla yake pia ni 60, na mna 21 na 9 ambazo si tasa. Mfundishe mtoto kuufurahia mfupa huo kama ushahidi wa watu waliohesabu kwa uangalifu, bila kuwapachika elimu ambayo hatuwezi kuithibitisha.

Baada ya hayo yote kukaa sawa, na si kabla, ndipo mrudi kwenye mafumbo yake mawili, ambayo kwa kweli ni fumbo moja lililogeuzwa. Mwalimu aliyeyatunga amefanya vizuri kutumia 12 na 18 katika yote mawili. Zivunjeni katika vigawo tasa: 12 ni 2 × 2 × 3, na 18 ni 2 × 3 × 3. Kigawo Kikubwa cha Shirika, yaani KKS, hupatikana kwa kuchukua zile zinazopatikana pande zote mbili, ambazo ni 2 moja na 3 moja, nazo zinazaa 6. Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS, lazima kigawanyike kwa 12 na pia kwa 18, kwa hiyo kinahitaji 2 mbili kwa ajili ya 12 na 3 mbili kwa ajili ya 18, yaani 2 × 2 × 3 × 3, ambayo ni 36. Akitaka kuhakikisha, azidishe 6 kwa 36 apate 216, na 12 kwa 18 ni 216 vilevile. Uhakiki huo unafaa kwa namba mbili tu. Kwa 4, 6 na 10, KKS ni 2 na KDS ni 60, zikizidishwa ni 120, ilhali 4 × 6 × 10 ni 240, basi asiutumie penye namba tatu.

Jibu alilokupa kwa uchungu ndilo lililonionyesha ugonjwa ulipo. Swali la mbao lilisema «mkubwa kuliko wote», akatafuta jibu kubwa. Swali la daladala lilisema «mara ya kwanza», yaani muda mfupi kuliko yote, akatafuta jibu dogo. Mtoto anayefuata neno moja katika swali ataumia katika mada hii, kwa kuwa KKS, pamoja na kuitwa kikubwa, haiizidi namba ndogo kuliko zote zilizotajwa, na KDS, pamoja na kuitwa kidogo, haipungui chini ya namba kubwa kuliko zote zilizotajwa. Kwa hiyo mwulize jambo jingine kabla hajashika kalamu: vitu hivi vinakatwa na kugawanywa, au vinarudiwarudiwa hadi vikutane? Ubao unakatwa, na kipande hakiwezi kuuzidi ubao kilikotoka, kwa hiyo tunatafuta kigawo: futi 6, vipande viwili kutoka ubao wa kwanza na vitatu kutoka wa pili. Wewe mwenyewe unaweza kulipima swali hilo kwa futikamba pale unapouzia mbao, na atalikumbuka. Daladala zinarudia safari, kwa hiyo tunatafuta kigawe: dakika 36, yaani saa 2:36 asubuhi.

Halafu mzoeze kulirudisha jibu ndani ya hadithi. Aandike saa za kuondoka kwa daladala za Uyole: 2:00, 2:12, 2:24, 2:36. Za Mbalizi: 2:00, 2:18, 2:36. Ukimwuliza saa 2:06 kuna nini pale stendi, ataona mwenyewe kwamba dakika hiyo hakuna hata gari moja lililoondoka, la Uyole wala la Mbalizi. Kazi hiyo inachukua dakika moja na ingemwokolea maswali yote mawili.

Yapo mafumbo ya aina nyingine yanayomsubiri mbele, yale yenye baki, na ni vyema yasimkute ghafla. Mfano: mkulima wa Rungwe ana maparachichi zaidi ya 10 na yasiyofika 100, na akiyapanga kwa mafungu ya 4, ya 5 au ya 6, kila mara hubaki 3, ana mangapi? Hapa mafungu yanarudiwa, kwa hiyo ni KDS ya 4, 5 na 6, yaani 60, na baki huongezwa mwishoni: 63. Mfano mwingine: madaftari 45 na kalamu 59 vimegawiwa sawasawa kwa wanafunzi, na kila aina ikabaki 3; ni wanafunzi wangapi kwa wingi kabisa? Hapa kinachofanyika ni kugawa, na baki hutolewa mwanzoni kwa sababu vile vitatu havikugawiwa. Yanakuwa madaftari 42 na kalamu 56, KKS yake ni 14, na kila mwanafunzi alipata madaftari 3 na kalamu 4. Wanafunzi wazuri kabisa hukosea hapo kwa kutojua kama baki inaingia mwanzoni au mwishoni. Akiulizwa tena swali lile lile, vinagawanywa au vinarudiwa, jibu litamwonyesha.

Usiiache mada hii ipite kwa matumaini kwamba ataendelea na nyingine, kwa maana sehemu zinaitegemea moja kwa moja. Akitaka kujumlisha 5/12 na 7/18 atahitaji asili moja, yaani namba ya chini iliyo sawa, na asili hiyo ni KDS ileile ya 36: 15/36 na 14/36, jumla 29/36. Akitaka kurahisisha 12/18 atagawanya kiasi, yaani namba ya juu, na asili kwa KKS ileile ya 6, apate 2/3. Mtoto asiyezishika KDS na KKS hukwama kwenye sehemu, na walio karibu naye hudhani kwamba sehemu ndizo zinazomshinda.

Kuhusu tuisheni, ningekushauri usubiri. Tuisheni nyingi za jioni humrudishia mtoto maswali yale yale kwa mwendo ule ule, naye hana upungufu wa maswali. Jipe wiki tatu za kukaa naye dakika ishirini kila jioni baada ya chakula, wiki ya kwanza kwa maharage, ya pili kwa karatasi ya namba 100 na kuvunja namba katika vigawo tasa, ya tatu kwa mafumbo. Elimu ya darasa la saba inatosha kabisa kwa kazi hiyo, na ukikwama mahali mwambie mtoto akueleze wewe, kwa maana anapokueleza ndipo atakapogundua asichokijua. Mwombe pia mjomba akae nanyi jioni moja, akiri mbele ya mtoto kwamba 1 si tasa, ili binti asiendelee kuvutwa huku na huku.

Baada ya wiki hizo, mpe maswali haya bila msaada: aorodheshe vigawo vya 24 na vigawe vitano vya kwanza vya 24, aseme kama 87 na 89 ni tasa na kwa nini, kisha alifanye upya fumbo la daladala kwa dakika 15 na 20. Vigawo viwe 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Vigawe viwe 24, 48, 72, 96 na 120. 87 isiwe tasa na 89 iwe tasa. Na daladala zikutane saa 3:00 kamili asubuhi. Akikosa sehemu kubwa ya hayo, chukua daftari hilo uende nalo shuleni ukamwone mwalimu wake wa Hisabati, umwonyeshe ni hatua ipi inayomkwamisha, na mpange pamoja nani amsaidie na saa ngapi.